Bata aliyevunjika mguu anapona mkuu, usikimbilie kisu

Mkuu pole sana, na huyo binti yako mpe pole. Nimesoma ulivyoeleza, bata wake anachechemea tangu juzi, jana akawa hakanyagi kabisa mguu wa kulia, shemeji zako wanakwambia mchinje kabla hajakonda, na duka la dawa za mifugo wamekuuzia ile ya unga ya kuku uchanganye kwenye maji ya kunywa. Nimeona na waliotangulia kujibu wengi wanasema chinja tu, bata ni bata. Naomba nikujibu kwa urefu kwasababu hili limenikuta mimi mwenyewe hapa Morogoro, Kihonda, na yule bata mpaka leo naandika hapa yupo nje anazunguka na wenzake.

Wangu anaitwa Tabu, wanangu ndo walimpa hilo jina. Ni hawa bata wetu wa kawaida wenye nyama nyekundu usoni, wale wasiopiga kelele. Mama yake alilalia siku 35 kama kawaida yao, wenzake wakatoka, yeye akachelewa siku mbili mama ameshashuka kwenye kiota, ikabidi tumlee ndani ya boksi na taa. Kwahiyo ni bata aliyezoea watu, ukirudi nyumbani anakufuata anatingisha mkia na kile kisauti chao cha chini chini. Naelewa kabisa binti yako anavyojisikia.

Ilikuwa jioni mvua inataka kunyesha, tunaingiza bata bandani, mgeni wetu akasaidia, akamdaka Tabu mguu mmoja akamnyanyua. Bata akapiga mabawa, akajizungusha, nikasikia mlio kama kijiti kikavu. Simlaumu mgeni, ndivyo tulivyolelewa wote, kuku toka sokoni anabebwa miguu juu kichwa chini na hakuna anayeshangaa. Lakini mguu wa bata haujaumbwa kwa hiyo kazi, ni mfupi, mwembamba ukilinganisha na mwili wake, jike anafika kilo mbili na nusu na dume linaenda mpaka tano au zaidi, uzito wote huo ukining'inia kwenye mguu mmoja huku anajipinda, ama mfupa unavunjika ama nyonga inachomoka. Kwahiyo kabla ya yote waambie nyumbani hakuna kumshika miguu tena. Unamkumbatia kwa mikono miwili, mabawa yamebana ubavuni, mkono mmoja chini ya kifua.

Sasa kosa langu la kwanza, na naona na wewe unaelekea huko huko. Nilikimbilia dukani nikauziwa unga wa antibayotiki, nikapoteza siku nzima nasubiri dawa ifanye kazi. Antibayotiki inaua bakteria, haiungi mfupa. Kama hana kidonda wala usaha hiyo dawa haimsaidii kitu, iache hapo kabatini mpaka daktari wa mifugo amuone. Na dawa za maumivu za binadamu usimpe hata robo kidonge. Diklofenaki hii tunayomeza tukiumwa mgongo ndo iliyowamaliza tumbusi kule India na Pakistani, walikuwa wanakula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa nayo, figo zinakufa. Tabu alipewa meloksikamu, dawa nyingine ya maumivu, na daktari, matone kwa sirinji bila sindano kulingana na uzito wake, mimi nisingeweza kukisia hiyo dozi na wewe usikisie.

Kwanza ujue ni nini kinamuuma, maana kuchechemea kuna sababu nyingi. Jioni hii mchukue, umfunge kwenye kanga au taulo mabawa yakiwa ndani, ila USIBANE KIFUA. Ndege anapumua kwa kusogeza mfupa wa kifua mbele na nyuma, ukimkaza pale anakosa hewa mikononi mwako huku unadhani ametulia. Mfunike macho kidogo na pembe ya kanga, atatulia mwenyewe. Halafu shika miguu yote miwili kwa pamoja, mzima na mgonjwa, upapase taratibu kuanzia vidole kupanda juu, ulinganishe. Palipovimba, palipo na joto kuliko mwenzake, panapocheza pasipotakiwa kucheza, anaporuka ukigusa, hapo ndo penyewe.

Geuza na unyayo uangalie chini. Kama kuna kigaga cheusi cha mviringo katikati na pamevimba, hiyo siyo kuvunjika, ni jipu la unyayo. Linatokana na kukanyaga sakafu ya sementi au kokoto siku nyingi, ngozi inachubuka bakteria wanaingia. Dume langu lililipata kabla sijaweka maranda bandani. Hilo linawekwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi dakika kumi kumi kila siku, linafungwa na asali au dawa ya kidonda, anahamishiwa pakavu na laini, na kama limekwenda ndani sana daktari analifungua. Usilikate mwenyewe na wembe, damu inatoka nyingi. Angalia pia katikati ya vidole kama kuna uzi au nywele za rasta zimejiviringisha, mtaa wenye saluni hizo nywele zinazagaa sana, zinakaza mpaka kidole kinakufa na kwa macho ya haraka huzioni.

Kama miguu yote miwili imelegea na shingo nayo inaanguka, hapo siyo jeraha tena, mara nyingi ni sumu aliyoila kwenye uchafu uliooza au funza wa mzoga, huyo ni wa kukimbizwa kwa daktari saa hiyo hiyo. Na kama ni jike anayetaga na anakaa kama anasukuma kitu, yai linaweza kuwa limemkwama, nalo linamfanya ashindwe kutembea.

Kitu kingine, hukusema ana umri gani. Kama bado mdogo, wa wiki chache, na amekua kwa chakula cha vifaranga wa kuku, inawezekana mguu haujaumia kabisa, ni upungufu wa vitamini B3. Vifaranga wa bata wanaihitaji kuliko wa kuku, wakiikosa miguu inapinda na kile kifundo cha nyuma kinavimba, mtu anadhani kakanyagwa. Hapo dawa ni chakula, B-complex ya maji kwenye kinywaji chake na dagaa waliosagwa kila siku, ukiwahi ananyooka, ukichelewa mguu unabaki umepinda hivyo hivyo.

Turudi kwa Tabu. Yeye alivunjika chini ya kile kifundo kinachokunjia nyuma. Wengi tunakiita goti ila siyo goti, goti la bata limejificha juu ndani ya manyoya, kile ni kama kifundo chetu cha mguu. Hii ni muhimu kwasababu mfupa wa chini ya hapo unafungika na banzi nyumbani kwa maelekezo ya daktari. Wa juu, ule wa paja, hauwezi kufungwa na vijiti, ukijaribu banzi linakuwa zito linauvuta mfupa na kuuharibu zaidi. Kwahiyo palipoumia pakiwa juu, au mfupa umetoboa ngozi, usifunge chochote, muweke kwenye boksi lenye giza na taulo chini umpeleke. Kama uko Moro, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) wana hospitali ya wanyama, mikoani muulize afisa mifugo wa kata yako daktari alipo.

Daktari wetu alikuja siku ya pili. Nilimshika Tabu mapajani kwenye kanga, mwanangu mkubwa akaushika mguu. Akazungushia pamba nyembamba kwanza, halafu vijiti viwili vya aiskrimu vilivyokatwa ncha, kimoja ndani kimoja nje, vimepita juu na chini ya palipovunjika, halafu bandeji ile inayojishika yenyewe, bila kuivuta, yaani unaizungusha kama unavyomfunga mtoto mchanga. Hakuweka hogo la plasta kama la binadamu, alisema ni zito kwake. Akatuachia vidole nje makusudi. Kazi yangu kila asubuhi na jioni ilikuwa kuushika ule utando wa vidole kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiwa na joto damu inapita, ukiwa wa baridi au umevimba bandeji imebana, fungua hapo hapo usisubiri kesho. Siku ya nne niliukuta wa baridi, umekuwa mweupe kwa ndani, nikakata bandeji na mkasi mikono inanitetemeka nikampigia simu daktari akaja kufunga upya. Ningelala na hilo jambo angepoteza mguu.

Kitu kilichonisumbua kuliko hata mfupa ni kukaa kwake. Bata mzima anasimama anakaa, mgonjwa analalia kifua masaa yote, na bata kinyesi chake ni maji maji, kwahiyo kifua kinalowa, manyoya yanakatika, kidonda kinatoka kwenye mfupa wa kifua, halafu nzi wanataga funza pale. Wengi wanakufa kwa hilo wala siyo kwa mguu. Nilichofanya, nilichukua kreti pana la soda nikatoa vigawanyo, chini kipande cha sponji la godoro kilichofunikwa na taulo kuukuu, nabadilisha taulo mara tatu kwa siku, usiku naweka maranda makavu. Kila nikibadilisha nampapasa kifua kwa kidole ndani ya manyoya. Siku ya sita niliona pekundu, nikatoboa sponji tundu la ukubwa wa sahani pale kifua kinapokaa ili pasiguse, pakapona.

Kreti likae sehemu anayowaona wenzake. Usimfungie stoo peke yake, bata akitengwa anaacha kula. Nilimuweka kwenye baraza, dada yake akawa analala nje ya kreti usiku kucha, sikumlazimisha alikuja mwenyewe. Ila dume mtenge kabisa, dume haliangalii mgonjwa, litampanda na huo mguu utavunjika mara ya pili. Na kama una madume mengi kuliko majike anza kuchunguza hapo, majike wengi wanaumia miguu na migongo kwa kupandwa kila saa, dume moja kwa majike wanne watano linatosha.

Maji ya kunywa yawe kwenye chombo chenye kina cha kichwa kuingia chote, anahitaji kuosha pua na macho, bila hivyo macho yanaziba. Mimi nilitumia kopo la rangi lililokatwa, nimelibana na matofali mawili lisimwagike kwenye bandeji. Chakula nilimpa pumba kidogo na dagaa, mchicha uliokatwakatwa, na maganda ya mayai yaliyookwa na kusagwa kwa ajili ya chokaa ya mfupa. Mayai aliyotaga wakati wa dawa tuliyafukia, na wiki mbili baada ya dawa vilevile kama daktari alivyotuelekeza, hata watoto walivyolalamika.

Kuogelea hakuna wakati ana banzi, pamba ikilowa ndani ngozi inaoza. Alivumilia wiki tatu. Mifupa ya ndege inaunga haraka kuliko yetu, banzi lilitolewa siku ya 21, na nikwambie ukweli siku hiyo nilikata tamaa. Mguu ulikuwa mwembamba kama penseli, ngozi imekauka inabanduka, nikamuweka chini akaukunja akarudi kukaa. Nikadhani tumefanya kazi bure.

Daktari akasema sasa ndo muda wa maji. Nikajaza lile beseni kubwa la kufulia maji ya uvuguvugu, kina cha kumfanya aelee vidole visiguse chini, nikamshusha nimemshika kwa chini. Ndani ya maji uzito hauko tena juu ya mguu, unaachwa na kazi ya kusukuma tu. Siku ya kwanza alipiga mguu mzima peke yake akawa anazunguka duara, ule mbovu unamfuata nyuma kama kitambaa. Dakika tano, nikamtoa, nikamkausha na taulo kwasababu alikuwa hajajipaka mafuta ya manyoya muda mrefu, maji yalikuwa yanamwingia mpaka kwenye ngozi. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu nikaona utando wa ule mguu unafunguka, kidogo tu, unafunga, unafunguka tena. Mwanangu akapiga kelele "mama, anakanyaga maji!" Tukaenda dakika kumi, kumi na tano, asubuhi na jioni, baada ya wiki moja na nusu alisimama mwenyewe kwenye majani akala mchwa.

Mpaka leo anachechemea kidogo asubuhi za baridi, na harukii tena juu ya ukuta, nimemshushia kichanja kikawa usawa wa tofali mbili na ngazi ya ubao. Lakini anataga, na mwezi uliopita amelalia mayai tisa wakatoka saba.

Kwahiyo mkuu leo jioni mpapase kama nilivyokwambia, halafu urudi hapa uandike tu, pamevimba juu ya kile kifundo au chini yake, utando wa vidole ni wa joto au wa baridi, na ana umri gani. Nipo mpaka saa tano usiku, nitakujibu.