Namna ninavyoutumia mlonge wa uani

Mlonge ulioko uani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, tuliupanda kwa kuchomeka ardhini tawi lenye unene wa mkono mwanzoni mwa masika, na kabla ya mwaka kwisha ulikuwa umeshalipita paa la jiko. Wengine huuita mzunze. Asili yake ni kaskazini mwa India, lakini huku pwani umeshakuwa mti wa uzio na wa kivuli, na wengi wetu hupita chini yake kwenda sokoni Mgandini kununua mboga, ilhali mboga wameiacha juu ya vichwa vyao. Naandika kwa sababu mti huu unasifiwa mno kama dawa, na sifa hizo ziliwahi kutuletea msiba mdogo nyumbani.

Mama yangu alikuwa akimeza vidonge vya shinikizo la damu kwa miaka kadhaa. Muuzaji mmoja wa unga wa mlonge akamhakikishia kwamba kijiko asubuhi na kijiko jioni vingemtosha, na mama akavificha vidonge kabatini bila kumwambia mtu. Wiki ya tatu aliamka kisogo kinamgonga na macho yanaona ukungu, akalazwa siku nne, nasi tukajua habari ya kabati pale tulipokwenda kumchukulia nguo. Majani ya mlonge yameonyesha dalili za kushusha kidogo sukari na shinikizo la damu, lakini sehemu kubwa ya majaribio hayo ilifanywa kwa wanyama wa maabara, na unga wa kijiko hauna kipimo cha uhakika kama kilicho nacho kidonge. Kwa hiyo mwenye presha au kisukari asiache dawa yake, na ikiwa anakula mlonge kwa wingi amweleze daktari, kwani viwili hivyo vikishirikiana vinaweza kushusha kupita kiasi.

Mimi thamani ya mlonge naiona sufuriani. Gramu 100 za majani mabichi zina protini ipatayo gramu 9, kalsiamu miligramu 185 hivi na vitamini C karibu miligramu 50, mbali na vitamini A na madini ya chuma. Nashika kikonyo kwa mkono mmoja, nakivuta katikati ya vidole viwili vya mkono wa pili, na vijani vyake vinamwagika kwenye ungo. Vikonyo vyenyewe navitupa, kwa kuwa haviivi na hukwaruza koo. Nakaanga kitunguu na nyanya, natia majani, kisha tui zito la nazi, na baada ya dakika chache naepua. Tui halipo kwa ajili ya utamu tu, kwani vitamini A ya majani huhitaji mafuta ili mwili uipokee vizuri. Baada ya chakula tunakula chungwa la Muheza, nayo chai tunaisogeza mbele kwa saa moja au mbili, kwa sababu chungwa husaidia mwili kuyafyonza madini ya chuma na chai huyazuia.

Kwenye kukausha ndiko nilikokosea zaidi. Mara ya kwanza niliyaanika juu ya bati, na jioni yakawa ya kahawia, yenye harufu ya nyasi kavu, kwa kuwa jua kali huharibu vitamini A. Siku hizi nayatandaza juu ya kanga kuukuu chumbani penye hewa, nayageuza kila siku mpaka yavunjike kwa kuguswa, kisha nayatwanga, nayachekecha na kuyafungia kwenye chupa kavu isiyopitisha mwanga. Wakati wa masika sikaushi kabisa, maana unyevu wa bahari huyaotesha ukungu chupani. Kijiko kimoja cha chai cha unga huo nakitia kwenye uji ulioshaepuliwa.

Mbegu nina tahadhari nazo. Ukiitafuna moja, uchungu wake hugeuka na maji utakayokunywa baada yake huwa matamu, jambo linalowafurahisha watoto, lakini nyingi huvuruga tumbo. Mbegu zilizotwangwa na kukorogwa katika maji ya tope huyafanya matope yatulie chini, ila maji hayo bado yanapaswa kuchemshwa. Mizizi na magome siyagusi, na mjamzito asiyatumie kabisa, kwa kuwa yanahofiwa kuchokoza kizazi.

Mti wenyewe naukata usawa wa kifua kila unaporefuka, kwa sababu matawi yake ni mepesi na huvunjika mtoto akiyapanda, na ukikatwa hutoa machipukizi laini yanayofikiwa kwa mkono. Mama ndiye anayeyachambua sasa, na vidonge vyake vinakaa juu ya meza ya chakula, ambako sote tunaviona.