Neno Hilo Linamwangukia Nani?

Wiki mbili zilizopita nilieleza hapa kwa nini nilikataa kuchapisha barua ya msomaji aliyetukana kabila zima kwa sababu ya mwenye nyumba mmoja aliyempandishia kodi. Nilisema hasira yake juu ya kodi ningeichapisha yote. Tusi la kabila, hapana. Barua zimefuata nyingi. Baadhi zinanishukuru, zilizo nyingi zinanigombeza. Nimechagua hizi.

"Binti yangu, sisi tuliokulia Nairobi ya zamani tulitaniana kazini makabila yote na hakuna aliyemshtaki mwenzake. Hii adabu ya kupima kila neno mmeitoa kwa Wazungu. Mbona mnatufunga midomo?" — Mzee, Kariobangi

Mzee wangu, pokea salamu zangu. Utani naujua, maana nililelewa ndani yake. Baba yangu Mkamba alifanya kazi ya karakana miaka mingi na rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa Mluhya. Rafiki akichokoza kwa muthokoi, chakula cha Wakamba, baba alirudisha kwa kuku, wanaosemwa kupendwa na Waluhya, na jioni walipanda basi moja kurudi nyumbani. Lakini angalia: kila mmoja aliweza kujibu, na hakuna aliyeogopa kwamba akijibu atakosa kazi au nyumba. Msimamizi akimtania kibarua wake kwa kabila, kibarua atacheka kwa sababu Ijumaa anangoja malipo. Huo si utani tena, na baba yangu angekwambia vivyo hivyo.

Kuhusu Wazungu, hapo nakataa. Kiswahili kilikuwa na tasfida, yaani kusema jambo zito kwa neno laini, kabla ya reli kufika hapa. Tunasema mama amejifungua, mzee ametutoka, mgeni anaulizia msalani. Hakuna aliyetuletea hayo kwa meli. Tasfida ninayoipinga ni ile inayomfunika mwenye nguvu. Familia zikibomolewa nyumba na tingatinga alfajiri, halafu taarifa iseme "wamehamishwa", neno hilo laini limemtukana aliyelala nje kuliko matusi yote ya steji.

"Mimi huuza maji na soda Eastleigh. Wateja wangu Wasomali nawaita 'wariah' na wengi hucheka tu. Juzi kijana mmoja akanijibu kwa ukali, 'Mimi nina jina.' Nimekosa wapi?" — Mchuuzi

Kwa Kisomali "waryaa" ni mwito tu wa kumwita mwanamume, kama sisi tunavyosema "we!" Nairobi iliuchukua mwito huo ikaufanya jina la watu wote, wawe wanaitwa au wanasemwa wakiwa hawapo. Kisha kumbuka Aprili 2014. Katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, polisi waliingia nyumba za mtaa huo usiku na kuwapeleka watu kwa maelfu, wengine wakazuiliwa uwanja wa Kasarani, na miongoni mwao walikuwemo Wakenya wenye vitambulisho. Kijana wako huenda alikuwa mtoto wakati huo, na huenda hilo ndilo neno alilosikia mlangoni. Hawezi kujua wewe ni mtu mwema mpaka umwonyeshe. Muulize jina lake; siku ambayo foleni ni ndefu, "ndugu" inatosha.

"Dada, mimi ni admini wa kundi la WhatsApp la ploti yetu Umoja. Wakibishania zamu ya maji, mpangaji mmoja alimwita jirani yetu Mjaluo 'kihii', na wengine wakaweka alama za kucheka. Nikimtoa atasema nazima maoni. Nikinyamaza jirani ataona nimekubali. Na je, polisi wanaweza kunijia mimi?" — Admini

Futa ujumbe huo sasa, kabla hujamaliza kusoma jibu langu.

Kihii kwa Kikuyu ni mvulana ambaye hajatahiriwa. Nyanya akimwita mjukuu wake wa miaka sita hivyo, hakuna ubaya. Akiitwa hivyo Mjaluo mwenye mke na watoto, anaambiwa kwamba hajawa mtu mzima, hawezi kuongoza, na hata kwenye zamu ya maji hana sauti. Neno hilo limezungushwa katika siasa zetu miaka na miaka. Mwanzoni mwa 2008 likatoka mdomoni likashika panga. Ripoti ya Tume ya Waki, ile iliyohesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia za baada ya uchaguzi, iliandika visa vya wanaume Wajaluo waliokamatwa na kutahiriwa kwa nguvu. Januari 2012 majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) walipothibitisha mashtaka ya ghasia za Nakuru na Naivasha, walivihesabu visa hivyo miongoni mwa vitendo vya kinyama. Desemba 2014 mashtaka ya mwisho katika kesi hiyo yakaondolewa kwa kukosa ushahidi. Hakuna aliyefungwa.

Kwa hiyo jirani yako aliposoma neno hilo kwenye simu, hakusoma tusi la watoto wa shule. Alisoma tishio ambalo lilishawahi kutekelezwa. Tena, admini, nakuomba ufikirie wale waliocheka. Naamini hao wamemuumiza kuliko aliyetukana. Mwenye kutukana ni mmoja na anajulikana. Waliocheka ni wale anaokopeshana nao sufuria, wanaomshikia mtoto akichelewa kutoka kazini, na sasa anajua kwamba mambo yakiharibika tena, hatakuwa na uhakika ni mlango upi wa kugonga. Niliishi Huruma wakati ule. Kilichowaokoa baadhi ya majirani zetu kilikuwa mlango wa mtu wa kabila jingine uliofunguliwa usiku. Ndiyo maana naliandikia jambo hili kwa uchungu.

Sasa sheria. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipitishwa mwaka huohuo wa 2008, na kifungu chake cha 13 kinamgusa anayetamka au kusambaza maneno ya vitisho, dharau au matusi kwa nia ya kuchochea chuki ya kikabila, au pale ambapo mazingira yanaonyesha kuwa chuki huenda ikachochewa. Adhabu inafika faini ya shilingi milioni 1, au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Hata anayepeleka mbele ujumbe wa mwenzake yumo. Admini anayefuta na kusema wazi kwamba amekataa, anaonekana yuko upande gani.

Lakini sikutumi polisi. Nimeona wanasiasa wangapi wakifikishwa kortini kwa uchochezi, wakatoka wakipunga mkono? Waliohukumiwa ni wa kuhesabu kwa vidole. Silaha hiyo ikiingia ploti itamwangukia mpangaji asiye na wakili, na ugomvi wa maji utageuka uadui wa maisha. Anza hivi: mpigie aliyetukana, mweleze kwa sauti yako, si kwa maandishi. Andika kundini kwamba neno hilo halitumiki hapa, na kwamba mjadala wa maji unaendelea. Kisha nenda ukabishe kwa jirani mwenyewe, usimtume mtu. Aliyetukana akilirudia neno hilo, mtoe. Maoni yake kuhusu maji hujayazima. Anaweza kuyasema bombani.

"Kijana wangu anaandika mambo makali mtandaoni kuhusu wakubwa wa nchi. Namwambia anyamaze. Ananijibu kwamba ni haki yake. Nani ana ukweli?" — Mama, Kayole

Mama, nyote wawili, na hilo ndilo linaloniuma.

Kijana ana Katiba. Kifungu cha 33 kinampa uhuru wa kujieleza, na kinachoondolewa humo kimetajwa: propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki, na kueneza chuki dhidi ya watu. Kumwudhi kiongozi hakumo. Mahakama zimesema hivyo zaidi ya mara moja. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichotumiwa kuwakamata watu kwa ujumbe "wa kuudhi". Februari 2017 Jaji John Mativo akaondoa kosa la jinai la kumharibia mtu jina. Miezi miwili baadaye Jaji Chacha Mwita akafuta kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jinai kudunisha mamlaka ya afisa wa umma. Aliyechafuliwa jina bado anaweza kudai fidia, kwa hiyo kijana asimwite mtu mwizi bila ushahidi. Na sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 ina kifungu cha unyanyasaji chenye adhabu ya hadi shilingi milioni 20 au miaka 10 jela. Akae mbali na vitisho kwa mtu binafsi. Ila kusema serikali imekosea, imepoteza pesa, imeua, hilo ni lake.

Nawe mama una macho. Desemba 2024 vijana kadhaa waliokuwa wakiwakosoa wakubwa mtandaoni, wengine kwa vibonzo, walitekwa. Baadhi wakarudi Januari. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na bloga, alichukuliwa Homa Bay kwa sababu ya chapisho kuhusu afisa mkuu wa polisi, akaletwa Nairobi, akafa akiwa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kushambuliwa. Siwezi kukwambia usiogope.

Msimwombe kijana anyamaze, mwombeni asiwe peke yake. Aandike kwa jina lake penye ushahidi, awe na namba ya wakili, na wawepo watu wawili wanaojua alipo kila jioni. Pale bustani ya Jeevanjee, wananchi husimama chini ya miti wakawajadili wakubwa mchana kweupe, na nguvu yao ni kwamba wako wengi.

Wapo wasomaji watakaouliza kwa nini namkinga huyu na kumkemea mpangaji wa Umoja. Yule wa Umoja alimtupia neno mtu asiyeweza kulikwepa, kwa namna alivyozaliwa. Huyu anamtupia neno mtu mwenye walinzi, kwa kazi anayolipwa kuifanya.

"Shangazi yangu kutoka Mombasa alimwita rafiki yake 'shoga yangu' ndani ya matatu ya Rongai na gari zima likaangua kicheko. Aliona aibu. Nimkataze?" — Mpwa

Usimkataze. Pwani wanawake marafiki wameitana shoga tangu zamani. Maana ya bara ndiyo iliyofunika ile ya kwanza. Mweleze kilichotokea ili ajue, kisha mwachie neno lake.

"Niliandika kwenye ukurasa wangu maneno mabaya kuhusu watu wa kabila fulani baada ya kuibiwa simu. Mteja akayaona, mwajiri akanifuta siku hiyohiyo bila kuniita. Uhuru wangu uko wapi?" — South B

Ndugu, pole kwa simu. Barua yako ina mambo mawili, tusiyachanganye. Kufutwa bila kuitwa si sawa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri akueleze sababu kwa lugha unayoielewa na akusikilize, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama, kabla ya kukuachisha kwa utovu wa nidhamu. Peleka hilo kwa afisa wa leba.

La pili ni mteja aliyekuacha, na wenzako ambao sasa wanakusalimu kwa mbali. Hao hawajakunyima uhuru. Wamekusikia, nao wameamua. Uliandika kwamba tayari umeomba radhi, na maneno yako yalikuwa "samahani kama kuna aliyekwazika". Hayo yanamwambia aliyeumia kwamba shida ni ngozi yake nyepesi. Andika upya: nilisema hivi, nilikosea, mwizi alikuwa mmoja, niwieni radhi. Usiweke "lakini". Huenda kazi isirudi. Andika tu.

"Mjukuu wangu ana ualbino, yuko darasa la tatu. Mimi nilikuwa nikimwita zeruzeru kwa mapenzi, ndilo neno nililolijua. Siku moja akaniambia, 'Nyanya, shuleni wananiita hivyo wakinirushia mawe.' Nifanyeje?" — Nyanya, Dagoretti

Nyanya, barua yako niliisoma mara tatu. Hukulitoa neno kwa ubaya na mtoto anajua, ndiyo maana alikuja kukuambia wewe. Sasa limefika kwake likiwa na mawe, liache. Wengi wenye hali yake wanapenda kuitwa watu wenye ualbino, lakini kabla ya kuchukua neno langu, muulize yeye. Pengine atakwambia tu umwite jina lake.

Mweleze pia kwamba si peke yake. Sensa ya 2019 ndiyo ya kwanza Kenya kuwahesabu watu wenye ualbino, na ilipata 9,729. Yule Jaji Mumbi Ngugi niliyemtaja hapo juu ni mmoja wao.

Kuhusu shule, hilo si suala la maneno tena. Mawe ni shambulio. Kesho asubuhi nenda kwa mwalimu mkuu ukiwa na mzazi mwingine, sema siku na majina ya watoto, na usitoke hapo mpaka uone ameandika. Akikwambia ni michezo ya watoto, niandikie tena. Nitakuja tukaketi naye pamoja.