Maswali na Majibu: Kanisa la Sant Climent, Taüll

Je, ni kweli kwamba kanisa hili la Kiromaneski katika milima ya Pyrenees, Hispania, lilijengwa na Warumi wenyewe?

Si kweli, na ningeomba swali hili lipumzike sasa, kwa maana nimelijibu mara nyingi. Kiromaneski ni mtindo wa ujenzi ulioenea Ulaya katika karne ya 11 na ya 12, wenye kuta nene, madirisha membamba na matao ya nusu duara, na umeitwa hivyo kwa sababu tu matao hayo yanafanana na yale ya Warumi wa kale. Sant Climent liliwekwa wakfu tarehe 10 Desemba 1123, wakati dola ya Warumi wa Magharibi ilikwisha kuanguka tangu mwaka 476. Wala neno hilo halihusiani na «RC» ya kanisa la mtaani kwako.

Nina saa moja tu. Itatosha?

Haitoshi. Ahirisha safari.

Nasikia picha maarufu ya Kristo iliyochorwa ukutani haimo tena kanisani. Kwa nini basi nisiishie Barcelona?

Picha iko Barcelona kweli, katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Katalunya, jimbo la Hispania lenye Taüll. Kati ya mwaka 1919 na 1923 mafundi kutoka Italia walibandika vitambaa kwa gundi juu ya michoro ya makanisa ya eneo hili, wakaiacha gundi ikauke, kisha wakavivuta vitambaa hivyo vikang'oka pamoja na ngozi ya rangi, kama mtu anavyobandua plasta kidondani. Zamani niliuita wizi. Nimelegeza ulimi baada ya kukumbuka kwamba wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kuanza kununua kuta za makanisa, na kwamba michoro ya Santa Maria de Mur, kanisa jingine la Katalunya, iliishia Boston, Marekani.

Hata hivyo, anza na kijiji cha Taüll. Tangu mwaka 2013 michoro hurejeshwa ukutani kwa mwanga wa projekta: mistari hutangulia, rangi hufuata, hadi Kristo anapokamilika akiwa na kitabu kilichoandikwa kwa Kilatini «Mimi ndimi nuru ya ulimwengu». Mwanga ukizimwa, unabaki na ukuta mkavu na mabaki machache ya rangi ya asili, na hapo ndipo utakapoelewa kilichoondolewa. Tafadhali usiyatazame hayo yote kupitia simu. Wanaorekodi mwanzo hadi mwisho huwaziba macho waliokaa nyuma yao.

Mnara wa kengele unapandwa?

Ndiyo, una ghorofa 6. Vaa viatu vinavyoshika, na mtoto mdogo umshike mkono.

Ni majira gani kijiji huwa kimya?

Si wakati wa theluji, kama wengi wanavyodhani, kwa sababu karibu na Taüll kuna uwanja wa kuteleza kwa ski na barabara hujaa magari. Nenda kabla au baada ya msimu huo, ila beba koti, kwani kijiji kiko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500. Ukifika, usiondoke bila kuingia Santa Maria, kanisa jingine la Taüll, lililowekwa wakfu siku moja tu baada ya mwenzake na askofu yuleyule. Liko katikati ya nyumba za wanakijiji, mwendo mfupi kwa miguu, lakini wageni wengi hulipita wakikimbilia basi.