Hesabu ya chaki barazani

Wiki hii mmeuliza: mjini na shamba, wapi mtu ana khatari zaidi ya kuuliwa? Ningejibu mjini bila ya kufikiri, kama si jioni moja hapa Wete, Pemba, tumekaa barazani tunakunywa kahawa.

Kijana mmoja kutoka Unguja alikuwa akitutisha na New York. Ati mwaka 1990 waliuliwa watu zaidi ya 2,200! Tukashika vichwa. Mzee wetu mmoja, mwalimu wa hesabu mstaafu, akatoa kipande cha chaki mfukoni (hajaacha kutembea nacho) akainamia saruji. Mji ule ulikuwa na watu milioni 7.3. Akagawa, akazidisha, akapata kama 30 kwa kila watu 100,000.

"Haya, chukueni kijiji cha watu 2,000. Ndugu wawili wanagombania mikarafuu ya urithi, mmoja kampiga mwenziwe panga, kafa. Kafa mmoja tu. Inakuwa ngapi?"

Kimya. Akaandika 50, akaipigia mstari mpaka chaki ikakatika.

Tukapiga kelele, hicho kiini macho! Na kweli, kijijini hapo pengine hapatouliwa mtu tena kwa miaka tisa, basi kwa muongo mzima inateremka hadi 5. Ndiyo maana shamba hakupimwi kwa mwaka mmoja. Lakini New York hiyo hiyo mwaka 2017 waliuliwa watu chini ya 300, na wakaazi wameshapindukia milioni 8. Haifiki hata 4. Mji haukupungua, mauaji ndiyo yaliyopungua, kwa hiyo wingi wa watu peke yake si jawabu.

Mimi lililonikaa ni jengine, na mzee hakuliandika. Panga la usiku huko ndani Micheweni, mpaka lipatikane gari la kuomba, mpaka zichangwe pesa za mafuta, majeruhi kafungwa kanga tatu na zote zimerowa. Jeraha lile lile angelipata Mjini, karibu na chumba cha upasuaji, pengine angeshonwa akarudi kwao, na polisi wangeandika kujeruhi. Mkono ni ule ule na panga ni lile lile, ila huku linahesabiwa mauaji na kule halihesabiwi.

Nilipomwambia mzee kesho yake, aliniuliza kutoka kwetu mpaka hospitali ni maili ngapi, akaanza kutafuta chaki.