Kwa mwalimu mpya wa Historia anayefika kwenye mada ya madikteta

Mwalimu mwenzangu uliyeripoti mwaka huu, karibu Kyela. Joto utalizoea, na wali wa huku utakusahaulisha ulikotoka. Nakuandikia kuhusu mada moja tu ya kidato cha sita, ile ya Hitler, Mussolini na wenzao. Nimeifundisha zaidi ya miaka ishirini, na miaka ya mwanzo niliifundisha vibaya.

Nilikuwa nafundisha kwa pointi. Mkataba wa Versailles, pointi ya kwanza. Mdororo wa uchumi wa 1929, ya pili. Udhaifu wa Jamhuri ya Weimar, yaani Ujerumani ya kabla ya Hitler, ya tatu. Wanafunzi wanakariri, wanafaulu, wanaondoka. Hadi siku moja nasahihisha moko nikakuta kijana ameandika kwamba Hitler alitawala kwa sababu Wajerumani wote walimpenda. Nilishika kalamu nyekundu nikashindwa kumkata alama, maana mimi ndiye nilikuwa sijamwonyesha kingine.

Siku hizi naanza na kalenda. Naandika ubaoni tarehe nne za mwaka 1933 bila maelezo: 30 Januari, 27 Februari, 28 Februari, 23 Machi. Nawaambia wahesabu siku kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Wanapata 52. Hapo darasa linatulia, kwa sababu muhula mmoja wa shule ni mrefu kuliko muda uliotosha kuiua jamhuri.

Kisha tunazirudia moja moja. Tarehe 30 Januari Hitler hakumpindua mtu. Rais Hindenburg alimteua Kansela, katika baraza ambalo Wanazi, yaani watu wa chama chake, walikuwa watatu tu, yeye mwenyewe akiwemo. Wanasiasa waliomshawishi Rais waliamini wangemweka kiganjani. Tarehe 27 Februari jengo la Bunge likaungua, na kesho yake ikatoka amri ya kusimamisha haki za raia: mtu aliweza kukamatwa bila mashtaka, nyumba kupekuliwa, gazeti kufungiwa. Tarehe 5 Machi ukafanyika uchaguzi, na pamoja na vitisho vyote hivyo chama chake kilipata asilimia 43.9. Hii namba isisitize. Ndiyo dawa ya jibu la yule kijana.

Tarehe 23 Machi ndiyo ya kukaa nayo kipindi kizima. Wabunge walikutana kwenye jumba la opera, wanamgambo wa chama wamejipanga ndani. Wabunge wa Kikomunisti walikuwa kizuizini au mafichoni. Ikapigwa kura ya kumpa Hitler na baraza lake uwezo wa kutunga sheria bila Bunge: 444 wakakubali, 94 wakakataa, na waliokataa wote walikuwa Wasoshalisti wa Kidemokrasia. Sasa, chama cha Hitler kilikuwa na viti 288. Waambie watoe 288 katika 444. Wale zaidi ya 150 waliobaki hawakuwa Wanazi. Walikuwa na hesabu gani vichwani? Waache wanafunzi wabishane kabla hujasema neno. Baadaye waeleze kwamba chama cha Wakatoliki kiliahidiwa kuwa Kanisa halitaguswa, kwamba sheria yenyewe iliandikwa kuwa ya miaka minne tu, na kwamba wapo waliotazama wale wanamgambo mlangoni wakawaza watoto wao nyumbani. Binti mmoja wa HGL, mchepuo wa Historia, Jiografia na Kiingereza, aliniambia, "Mwalimu, kila mmoja alikuwa na sababu yake nzuri." Sijapata kulisema vizuri zaidi ya hivyo.

Mussolini wa Italia usikae naye sana. Inatosha wajue kwamba Oktoba 1922, wakati wafuasi wake wakielekea Roma, mfalme alikataa kusaini amri ya kuwazuia, na yeye akafika kwa treni kuja kukabidhiwa serikali.

Sehemu ya hofu, usiifundishie Ulaya tu. Sisi tuna nduli Idi Amin, ambaye wazee wengi wa huku walienda vitani kupigana naye. Lakini usianzie vita vya Kagera. Anzia 25 Januari 1971, siku ya mapinduzi, watu wa Kampala wakicheza barabarani. Amin aliwaachia wafungwa wa kisiasa na kuahidi uchaguzi. Mmoja wa walioachiwa, Benedicto Kiwanuka, akamfanya Jaji Mkuu. Septemba 1972 huyohuyo Kiwanuka alikamatwa ndani ya jengo la Mahakama Kuu mchana kweupe, hakuonekana tena. Mwambie mwanafunzi afikirie karani wa mahakama aliyeona hilo. Jaji Mkuu anachukuliwa hivi, yeye karani atamlalamikia nani? Hofu inafanya kazi kwa namna hiyo: anakamatwa mmoja, wanaoelewa ni elfu. Na kikosi kilichoogopwa kuliko vyote kiliitwa ofisi ya utafiti. Jina la kawaida kabisa, la kwenye kibao cha mlangoni.

Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa, serikali ikatangaza ajali ya gari. Mei 1983, hapo ng'ambo ya mto Songwe, wanasiasa wanne wa Malawi, watatu kati yao mawaziri, walikufa, nako ikatangazwa ajali ya gari. Ziweke habari hizo mbili pamoja ubaoni. Hutahitaji kueleza sana.

Malawi ndiyo hazina yetu sisi wa Kyela, na walimu wengi wanaipita bila kuigusa kwa kuwa haitoki sana kwenye mtihani. Kamuzu Banda alitangazwa rais wa maisha mwaka 1971. Bila kadi ya chama ulizuiwa kupanda basi, ulizuiwa kuingia sokoni. Nusu ya wanafunzi wako wana ndugu Karonga. Watume wakaulize.

Mwaka 2012 nilimwomba shangazi wa mke wangu, aliyeolewa Karonga akarudi huku mjane, aje azungumze na darasa. Walimpa shikamoo, akaketi kiti changu. Akafungua fundo la kanga, akatoa kitu kilichofungwa nailoni mara mbili. Ilikuwa kadi ya chama, kingo zimekwisha kwa jasho. Banda alikuwa ameshindwa uchaguzi tangu 1994, na amekufa tangu 1997. Mwanafunzi akauliza, "Bibi, bado unatembea nayo ya nini?" Kabla ya kujibu aligeuka kutazama dirisha. Akasema kwa sauti ya chini, "Huwezi jua, mjukuu wangu." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya darasa na notisi zangu mkononi. Sikuzitumia siku ile.

Jambo jingine ni la kwako binafsi, nalo ndilo lililonisukuma kuandika. Faili zilizobaki za Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, zinaonyesha kwamba kesi nyingi zilianza kwa taarifa za watu wa kawaida, majirani na hata ndugu. Hili nililielewa kwa makosa yangu. Nilianza kazi shule moja ya bweni mkoani Iringa. Kidato changu kilikuwa na kelele, nikampa mwanafunzi mmoja daftari la siri aandike majina ya wasumbufu, wenzake wasimjue. Wiki ya pili darasa lilikuwa kimya kama kanisa Jumatatu. Nikajisifu stafu. Wiki ya nne mvulana mmoja alishikwa na malaria kali usiku, na asubuhi hakuna aliyeniambia, kwa sababu aliyetaka kuja kusema alitoroka prepo siku ileile na aliogopa ameshaandikwa. Kijana alipona, Mungu mkubwa. Daftari nililichoma jikoni kwa wapishi, nikawaambia darasa nilichofanya. Walichukua muhula mzima kurudi kuaminiana, na yule niliyempa daftari aliomba uhamisho.

Kwa hiyo unapofundisha mada hii, angalia unaliongozaje darasa lenyewe. Ukiwa na fimbo mkononi unaeleza ubaya wa vitisho, watoto wanaiona fimbo. Na usiruhusu neno dikteta ligawiwe ovyo kwa kila mkuu wa shule mkali. Mkali anayekupa sababu na anayekusikiliza ukimkatalia si dikteta.

Mwisho wa mada usiwe kifo cha Hitler, wala mizinga yetu kuingia Kampala Aprili 1979. Watatoka wakiamini kwamba hofu huondolewa na jeshi la nje tu. Wafundishe barua ya maaskofu Wakatoliki wa Malawi, Machi 1992. Ilisomwa Jumapili moja katika makanisa ya nchi nzima, ikitaja wazi yale ambayo kila mtu aliyajua na hakuna aliyeyasema. Waumini walitazamana, kila mmoja akijua kwamba jirani yake naye amesikia. Mwaka mmoja na miezi mitatu baadaye, tarehe 14 Juni 1993, wananchi walipiga kura ya maoni na karibu theluthi mbili wakachagua vyama vingi.

Tenga vipindi viwili kwa barua hiyo. Ukikosa muda, mpunguze Mussolini.