Pudini za vikombe zinazotoa maji chini

Pole kwa pudini zako za mkate kutoa maji chini na mayai kukatika (kuganda mabonge mabonge). Ni kosa la moto mkali, si la mayai.

Kwa vikombe 6: mkate wa jana gramu 250, maziwa nusu lita, mayai 3, sukari gramu 80. Changanya maziwa, mayai na sukari, loweka mkate humo dakika 20, kisha jaza vikombe. Mkate mpya hulainika ukawa uji. Panga vikombe kwenye trei yenye maji ya moto yanayofika nusu ya kimo chake, oka kwa nyuzi 160 za Selsiasi, dakika 30 hadi 35. Epua katikati pakiwa bado panatikisika kidogo, patajikaza penyewe.

Sosi ya karameli: yeyusha sukari gramu 100 ukitikisa sufuria tu, ukikoroga inarudi chenga. Ikiwa kahawia, tia siagi gramu 40, kisha krimu vuguvugu mililita 120, polepole sana. Krimu baridi huigandisha, na mvuke wake unaunguza.