Nauli umeshalipa, vuka ng'ambo

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mtu akiwa safarini nje ya nchi, ana haja ya kwenda kwenye vivutio maarufu ambavyo kila mtu ameshaviona kwenye simu, au ni kutupa hela? Mimi nasema aende. Na ninayemjibu hasa ni mfanyabiashara mwenzangu wa Kariakoo, maana ndiye anayebisha kuliko wote.

Sisi tunaofuata nguo Uturuki tunafikia Laleli, Istanbul. Hoteli ziko Laleli, maduka ya jumla yako Laleli, watu wa kago wako Laleli. Kuna wenzetu wamekwenda na kurudi miaka nenda miaka rudi, bei ya dazeni ya magauni ya Laleli, Merter na Osmanbey wanakutajia bila kufungua daftari, lakini waulize Istanbul ikoje, watakwambia kuna baridi. Ati kutembelea majengo ni mambo ya Wazungu na ya walio fungate. Na tiketi ya ndege ameshalipa, viza ameshalipa, hoteli ameshalipa! Kilichobaki ni nauli ya tramu. Ile T1 inapita hapo hapo Laleli, na vituo vichache mbele inakushusha Sultanahmet.

Hapo Ayasofya, au Hagia Sophia, iko upande mmoja, na Msikiti wa Buluu wenye minara 6 uko upande wa pili. Ayasofya ilimalizika mwaka 537 enzi za Justinian, mfalme wa Byzantium, ikiwa kanisa. Sultan Mehmed II alipouteka mji mwaka 1453 ikawa msikiti, mwaka 1935 ikafunguliwa kama makumbusho, na mwaka 2020 ikarudi kuwa msikiti. Chini wameachiwa wanaosali. Mgeni anayetalii hulipa euro 25 apande roshani za juu. Najua unazigeuza kichwani kuwa suruali za jinzi. Lakini huko juu, kwenye ukingo wa marumaru, kuna maandishi yaliyochongwa kwa herufi za kale za watu wa Skandinavia, yamefifia kiasi kwamba unaweza kuyapita usiyaone. Kinachosomeka ni jina, Halfdan. Inaaminika alikuwa mmoja wa askari wa kukodiwa waliomlinda mfalme. Labda ibada ilimchosha, akaandika jina lake kama vijana wetu wanavyoandika kwenye magofu. Simsifii, na wewe usijaribu, ila nilikaa hapo muda mrefu kuliko nilivyokaa kulishangaa kuba.

Jirani tu kuna Yerebatan, hodhi la maji la chini ya ardhi, nalo la Justinian huyo huyo, lenye nguzo 336. Mbili kati ya hizo zimekalia vichwa vya Medusa vya mawe, kimoja kimelala ubavu, kingine kimepinduliwa juu chini. Siku ya mvua pananifaa sana. Kapalıçarşı, lile soko la kale lenye paa, pita uangalie dari na taa, kisha utoke. Mzigo usinunue pale, bei ni za mgeni.

Sasa, ukiniambia una alasiri moja tu, hayo yote yaache. Panda T1 mpaka Eminönü, gatini. Watakuita watu wa boti za watalii. Waitikie salamu, endelea na njia yako. Kadi ile ile ya Istanbulkart uliyotumia kwenye tramu, igonge kwenye geti la kivuko cha umma cha kwenda Kadıköy, ukae nje, pembeni. Safari ni kama dakika 20. Kivuko kikishaachia gati, mji uliokuwa unasukumana nao vichochoroni unaanza kujipanga mbele yako: Msikiti wa Süleymaniye juu ya kilima, kazi ya msanifu majengo Sinan iliyomalizika 1557; Mnara wa Galata upande wa pili wa maji; kasri la Topkapı kwenye ncha ya nchi kavu; halafu Ayasofya na ile minara 6, vyote kwa mpigo mmoja. Ukiwa ndani ya Ayasofya huwezi kuiona Ayasofya ilivyo.

Mhudumu anapita na sinia la chai. Glasi yake ni nyembamba kiunoni, haina mkono, ina vipande viwili vya sukari kwenye kisahani, na unaishika ukingoni kwa ncha za vidole la sivyo unaungua. Shakwe wanafuata nyuma, watu wanawarushia vipande vya simit, mkate wa duara wenye ufuta, nao wanavidaka hewani. Aliyekaa karibu nawe haangalii chochote, anatoka kazini. Umeondoka Ulaya, unashukia Asia, na kabla ya gati unapita stesheni ya Haydarpaşa, ambayo Wajerumani waliijenga mwanzoni mwa karne ya 20, miaka ile ile walipokuwa wakitandika Reli ya Kati kwetu.

Mkisema haya ni ya ugenini, tazameni boti ya Zanzibar. Inapokaribia bandari, mji mzima wa Mji Mkongwe unakuja mbele, na abiria wamekaa ndani kwenye kiyoyozi wanaangalia televisheni. Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, ilisimama pale ufukweni tangu 1883. Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka, na wengi waliosikitika kwenye simu zao hawakuwahi kunyanyua macho kuitazama ikiwa nzima.

Mlitaka pia tuseme tunataka kurudi wapi. Mzigo wa Idd ukikaribia nitakuwa Laleli tena. Süleymaniye nimeiona kutoka majini tu, na kutoka hotelini ni kwa miguu. Kuna ile siku ya kusubiri watu wa kago wapime mabunda, ambayo wenzangu huwa wanalala. Nitakwenda siku hiyo, na mtandio wangu begani, na anayetaka kufuatana nami anipigie kabla sijakata tiketi.